Ubao Ulisema Ametoka

Niliambiwa ni mwendo wa dakika kumi kutoka kituo cha treni. Dakika kumi! Nilizunguka saa nzima. Magoti yaliniuma, begi la mdogo wangu lilinikata bega, na jua ndilo hilo linazama. Kila nikikata kona nakuta jengo lile lile la vioo, benchi lile lile la mbao, kibanda kile kile cha kahawa chenye viti vya rangi. Nikisoma kibao cha ramani kinaniambia "upo hapa". Hapa wapi? Nilikuwa tayari kukipiga teke.

Zamani palikuwa bandari. Mdogo wangu ndiye aliyenieleza, enzi zile alipokuwa bado anapokea simu. Maghala yamegeuzwa hoteli na maduka ya nguo. Winchi za kupakulia mizigo zimepakwa rangi ya machungwa zikaachwa zimesimama ziwe pambo. Maji yenyewe yamezungushiwa vyuma vinavyong'aa ili watu waegemee wakijipiga picha. Pazuri, sikatai. Lakini niliowauliza njia walikuwa wameziba masikio kwa vidude vya muziki, na asiyeziba alininyooshea kidole upande nilikotoka. Lugha yao naiokoteza tu, maneno mawili matatu, na siku hiyo hata hayo mawili yalinikimbia.

Ndege yetu ilikuwa saa nne usiku. Mimi na yeye. Nyumbani Mama alikuwa ameacha kula. Daktari alimpima kila kitu, akasema hana ugonjwa anaouona yeye. Mama mwenyewe alikuwa na neno moja tu: "Nileteeni mwanangu nimguse." Mwanangu, maana yake kitinda mimba wake, aliyekwenda ulinzi ughaibuni miezi minane, na wiki mbili za mwisho hashiki simu. Mimi kifungua mimba sihesabiki, mimi ni wa kutumwa. Basi nikatumwa.

Asubuhi nilikwenda chumbani alikopanga. Mwenzake wa chumba alinikabidhi begi lake na pasi yake ya kusafiria, akasema, "Hajarudi kulala siku ya nne leo. Yuko kazini." Siku nne kazini! Kazi gani hiyo isiyokwisha? Nikaapa nitamtoa huko kwa sikio.

Mimi ni matroni wa bweni la wasichana, mwaka wa ishirini na mbili huu. Naita majina jioni, nahesabu vichwa, nafunga geti. Mtoto wa watu hanisumbui mara mbili. Ndiyo maana nilikuwa nimefura kiasi kile, kwa sababu mtu mmoja, tena damu yangu, alikuwa amenishinda kumhesabu.

Geti nililiona nilipokwisha kukata tamaa. La chuma, zito, la tangu enzi za bandari, wamelisugua wakalipaka mafuta likang'aa. Pembeni yake ukutani palikuwa na ubao mweusi mrefu kunipita, umepigwa misumari mistari kwa mistari, na kila msumari umeangikwa kipande cha shaba cha duara chenye namba. Vijana wawili wa kitalii walikuwa wanajipiga picha nao. Niliwauliza njia. Wakatabasamu, wakaondoka.

"Mungu wangu," nikasema kwa sauti, "watu hawa masikio wamepewa ya mapambo!"

Mtu akacheka nyuma yangu. Mama wa makamo, aproni ya kijani, fagio refu mkononi.

"Dada, hayo masikio yamenishinda mwaka wa kumi na moja."

Kiswahili! Nusura nimkumbatie.

"Namtafuta mdogo wangu," nikamwambia. "Mlinzi. Mrefu, mpole mpole, hata nzi hamfukuzi."

Kicheko kikakatika.

"Ishirini na saba," akasema.

"Thelathini na moja, lakini akili ya miaka kumi."

"Namba yake, dada. Ishirini na saba." Akanionyesha kwa mpini wa fagio. Ubao mzima ulikuwa umejaa vipande, isipokuwa msumari mmoja mtupu. "Sisi wafanyakazi tunaingia kwa vipande hivi. Unaingia, unachukua chako. Unatoka, unakirudisha. Ni utaratibu wa makuli wa zamani. Wenye mradi wameurudisha, wageni wanaupenda. Zamu yetu yote imeshatoka. Kasoro yeye."

"Na mnamwangalia tu?"

"Wakubwa wakimwona yuko lindoni wanafurahi. Mimi nimembembeleza nimechoka. Anasema ghala la chini kuna watu hawajatoka. Anasema hatoki mpaka watoke."

"Watu gani?"

Mfagiaji akaegemea fagio. Akashusha sauti.

"Hapa zamani, kabla ya vioo hivi, kuna jioni moja..."

"Dada yangu, nina ndege. Hadithi utanisimulia kwa simu. Ghala la chini liko wapi?"

Alinitazama kama wasichana wangu wanavyonitazama ninapowakata kauli. Namjua mtu aliyekatwa kauli. Akanionyesha ngazi nyuma ya mgahawa, ndani ya geti. Kisha akanishika mkono, akanibana.

"Basi sikia hili moja tu. Kila mtu anaangika chake. Kwa mkono wake mwenyewe. Umenisikia?"

"Nimekusikia," nikajibu. Sikusikia kitu. Nilikuwa natazama saa.

Ngazi zilikuwa mpya, za saruji laini, na taa zake za kisasa, zile zinazowaka ukikaribia na kuzimika ukipita. Nikashuka. Mbele yangu inawaka, nyuma yangu inazima. Nikishika ukuta unateleza. Muziki wa mgahawa ukabaki juu, ukafifia, ukaisha.

Harufu ikanipokea. Lami. Kamba mbichi. Na jasho... jasho la watu wengi waliobanana mahali pamoja. Nikajiambia ni rangi mpya, maana walikuwa wanapageuza ukumbi wa maonyesho. Makopo ya rangi yalipangwa ukutani.

Nikaita jina lake la utotoni.

Tone la maji. Tone jingine.

Kisha mbele kabisa, mbali na nilipokuwa, taa ikawaka.

Nikasimama. Mimi sijafika huko. Nani kaiwasha?

Ikawaka ya pili. Ya tatu. Zilikuwa zinakuja upande wangu, moja moja, bila haraka, na chini ya kila taa hapakuwa na mtu. Nilisikia hatua. Si za mtu mmoja. Za watu waliobeba kitu kizito, wanaokokota miguu kwa pamoja, fwata... fwata... fwata... Zikanipita. Naapa zilinipita. Upepo wa baridi ulinigusa shingo, mmoja baada ya mwingine, na kila upepo ulikuwa na harufu ya mdomo wa mtu.

Hapo mtu mwenye akili angegeuka. Lakini hasira ni kitu kibaya. Nilikuwa nimetoka mbali mno kugeuka mikono mitupu.

"We mtoto!" nikapiga kelele. "Toka huko uliko! Mama anakufa na wewe unacheza!"

Taa ya mwisho ikawaka, na chini yake nikamwona.

Alikuwa amenipa mgongo. Sare ya ulinzi, kofia, mabega yale yale yaliyoinama kidogo. Alilowa kuanzia kiunoni kwenda chini, na viatu vyake vilikuwa vinatoa maji sakafuni. Mbele yake kulikuwa na mlango mzito wa mbao, mweusi, ambao wenye mradi hawakuwa wameugusa bado.

"Ala! Unaona raha?" Nilimwendea nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, mzito. "Umejilowesha na nini? Hapana, usiniambie. Usinijibu. Nimechoka na majibu yako. Kila siku wewe na huruma zako, mara unamlindia huyu, mara unamngojea yule, na mama yako aliyekuzaa nani anamngojea? Fungua mdomo uone!"

Hakufungua mdomo. Aligeuka akanitazama kifuani, si usoni. Mdogo wangu huwa ananitazama kifuani ninapomgombeza, tangu mdogo. Nikaona ameshika adabu. Nikamvuta.

Tulikuwa tumefika hatua ya tatu hivi niliposikia.

"Dada..."

Ilitoka nyuma yetu. Nyuma ya ule mlango. Mbali, na chini, kama mtu anayeita kutoka kisimani.

"Dada... ni mimi..."

Ningeweza kuwadanganya hapa. Ningeweza kusema sikusikia. Nilisikia. Niliisikia sauti ile na niliijua, na yule niliyemshika mkono alikuwa amefunga mdomo wake kimya. Nikajiambia ni mwangwi. Nikajiambia ni yeye ndiye aliyesema, ukuta umeirudisha. Sikugeuka kumtazama. Nilitazama saa.

Saa kumi na mbili na nusu.

Tulipanda ngazi kwa kukokotana. Tulikuta geti limekwisha kuanza kusogea. Geti hilo lina mtambo wake siku hizi, linajifunga lenyewe saa kumi na mbili na dakika arobaini, na aliye ndani atasubiri asubuhi. Nikamkazania, "Haya, rudisha kipande chako twende!"

Akakunjua kiganja. Kipande kilikuwa pale, ishirini na saba, kina tope. Akaninyooshea mimi. Hakuusogelea ubao hata kidogo, alisimama tu, mkono mbele, ananisubiri, maji yakimchuruzika.

Hapa ndipo nilipoharibu. Nimewaambia kazi yangu. Binti amechelewa, mwenzake anakuja mbio: "Matroni, yuko njiani, anakuja, nimemwona." Baridi inanipiga, usingizi umenikaba. Mara ngapi nimemwekea alama ya kurudi ili nifunge geti nikalale? Mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Mkono wangu umezoea kuwaandikia watu kwamba wako mahali ambapo sijawaona.

Nikakipokonya kile kipande. "Lete! Hata hili nikufanyie mimi?"

Nikakiangika.

Kengele ikalia, mara moja. Sijui ilikuwa wapi. Ubao mzima ukatikisika, vipande vyote vikagongana, kisha vikatulia kwa pamoja. Na yule mtu wangu akatoa pumzi ndefu, ndefu sana, pumzi ya mtu aliyetua mzigo mzito.

Mfagiaji alikuwa amesimama nje ya geti. Fagio lilimdondoka.

"Nani kaangika?" akanong'ona.

"Mimi, tuna haraka..."

"Dada, nilikwambia nini? Dada, nilikwambia nini mimi?"

Geti likajifunga nyuma yetu, likabana. Mfagiaji alimtazama mdogo wangu mara moja tu. Kisha akaliendea geti, akaanza kupiga vyuma kwa viganja na kuita kwa lugha ile ya watu, na walinzi wakaja wakamwonyesha ubao. Umejaa. Wote wametoka. Anapigia nini kelele? Nilimwona akilia. Nilimwona, nikaingia teksi.

Kwenye ndege hakula. Maji tu, kikombe baada ya kikombe, hadi mhudumu akanicheka. Nilimsemesha, akainamisha kichwa. Nikasema amenuna. Nikasema ni uchovu. Kiti chake kilikuwa kimelowa tulipotua, na tulikuwa tumekaa angani saa tisa. Nilijua kitu? Nadhani kiganja changu kilijua, maana sikumshika tena mkono tangu teksi ile.

Mama alimpokea mlangoni. Mama ambaye hakuinuka kitandani mwezi mzima! Alimshika uso, masikio, mabega. Akacheka, akalia, akacheka tena. "Umekuwa baridi hivi, mwanangu! Huko hawana blanketi?" Akaomba chai. Akaomba mkate. Majirani walijaa sebuleni wakanipongeza mimi, dada mkubwa, mwanamke wa shoka, nimekwenda nchi za watu nimemrudisha mtu. Nikapokea pongezi. Nilikaa jikoni nikazipokea moja moja.

Hasemi. Mama anasema ataongea akipumzika. Anakaa upande wa kulia wa Mama mchana kutwa, kimya, na Mama anamsimulia mambo ya utotoni. Jioni, jua likikaribia kuzama, anainuka, anatoka uani, anaanza kuhamisha matofali yaliyobaki ya ujenzi. Anayatoa ukuta huu anayapeleka ukuta ule. Yakiisha anayarudisha. Fwata... fwata... fwata. Nimemwambia aache. Nimemwambia kwa ukali, nimembembeleza, nimemwomba kwa kupiga magoti. Ni kama nasema na ukuta. Godoro lake nalianika kila asubuhi.

Siku ya tatu mfagiaji alinitumia ujumbe wa sauti. Sijui namba yangu aliipata wapi. Alisema ile habari niliyomkatiza. Kwamba jioni moja, enzi za makuli, maji yalivunja ukuta wa ghala la chini. Msimamizi alipokuja na taa akatazama ubao, akaona vipande vyote vimeangikwa, akafunga geti akaenda kwake. Kumbe mwenzao mmoja alikuwa amewaangikia mapema, ili yeye awahi kutoka. Watu hawakutafutwa. Nani amtafute aliyekwisha kutoka? "Walikuwa wangapi hasa, hatujui," alisema, "na sasa hatujui wamebaki wangapi." Halafu nikasikia anafagia. "Nimewaomba wafungue ule mlango wa mbao. Wananiuliza, umfungulie nani? Orodha yote imetoka."

Nilijaribu, Mungu shahidi yangu. Nilipiga simu ofisi ya mradi siku mbili mfululizo. Bonyeza moja, bonyeza tatu, subiri, muziki. Mwisho nikampata msichana mwenye sauti ya asali, akaangalia kwenye mashine yake, akanisomea: mlinzi namba ishirini na saba ametoka kazini tarehe fulani, saa kumi na mbili na dakika thelathini na nane. Na uhamiaji wanaonyesha amevuka mpaka. "Kwani hajafika nyumbani, mama?" akaniuliza.

Ningemjibuje? Nikisema hajafika, huyu aliyekaa sebuleni ni nani? Nikisema amefika, basi nimemzika mwenyewe.

Jana mchana, saa nane, simu yangu ikaita. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo umenyooka, mashavu yameanza kurudi. Alikuwa anamenya chungwa. Kipande kimoja anakula yeye, kimoja anamtilia mwanawe mkononi. Yule alikuwa anavipanga mapajani, havili.

Nikatazama kioo cha simu. Namba ya mdogo wangu.

Nikapokea. Mwanzoni maji tu. Tone... tone.

"Dada?"

Ilikuwa sauti yake. Hana hasira. Angekuwa na hasira ningevumilia.

"Dada, nimefika getini. Sijui nimekaa chini siku ngapi. Nimewaambia wafungue, wananipita tu. Hakuna anayenitazama. Nimegonga hadi mikono imechubuka." Akavuta pumzi. "Ubao unasema nimeshatoka. Nani aliniangikia, dada?"

Nikaibana simu sikioni.

"Nilikuita kule chini. Hukunisikia?"

"Nani huyo?" Mama akauliza. Alikuwa ananitazama huku anatabasamu, kipande cha chungwa mkononi.

Yule mwingine naye akainua kichwa. Tangu ghala la chini hakuwahi kunitazama usoni. Sasa alinitazama. Macho yake yalikuwa ya mtu mzima sana, mchovu, na yalikuwa yananiomba. Akanyoosha mkono polepole akaushika mkono wa Mama, na Mama akaukaza, akaupapasa kama alivyokuwa akiota kuupapasa miezi minane.

"Dada?" simu ikasema. "Upo?"

Mama alikuwa amekula siku sita. Siku sita, bila kubembelezwa.

"Nani, mwanangu?"

"Wamekosea namba, Mama," nikasema, nikakata.